Kiti cha Baba Mkwe

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani pale Lituhi mpaka alipopooza. Maradhi yalimchukua ulimi na upande mzima wa kushoto, yakamwachia macho. Macho yale niliyaogopa. Kwetu mke wa mtu hamsogelei baba mkwe, seuze kukalia kiti chake. Kila asubuhi nilipiga magoti kwa mbali, nikasema, "Shikamoo, baba," nikaondoka bila marahaba, upesi kama nimeiba kitu.

Mitumba ilikuwa imeingia, marobota kwa marobota. Nguo mpya hakuna aliyeshonesha tena, lakini makoti ya mitumba yalikuwa mapana, kila mtu alitaka yapunguzwe. Mume wangu alikuwa Mbinga akibeba kahawa ya wanunuzi binafsi, na habari zake zilikuwa adimu. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, wewe ulifundishwa kushona na masista. Ifufue cherehani ya baba yako. La sivyo tutakula mihogo mitupu."

Cherehani ilikuwa barazani, mbele ya kitanda cha mwenyewe, nayo ilikuwa imeganda. Kumbe tangu mzee aanguke, mama mkwe alikuwa akiipaka mawese ya kutoka Kyela isishike kutu, mumewe akipona aikute nzima. Mawese yalikauka humo ndani yakawa gundi. Gurudumu halikusogea hata unywele, na chuma kile hakipindi: ukikilazimisha, kinakatika. Niliogopa nisije nikaivunja huku mwenyewe ananitazama.

Nikawa naidondoshea mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, tundu baada ya tundu, nikikwangua utando kwa mwiba. Kutwa nilifanya kazi nimeinama, mgongo unaniwaka, na kiti kipo pale pale kitupu.

Siku gurudumu lilipozunguka lilitoa mlio, na baba mkwe akaguna. Niliruka nyuma. Nilijua amekasirika.

"Kaa," akasema mama mkwe.

"Mama, kiti cha baba."

"Utakanyaga umesimama kama korongo? Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Nikaweka miguu juu ya pedali. Nikatia kitambaa, nikakanyaga, sikuthubutu kuinua uso. Sindano ikapanda, ikashuka, mshono ukatoka umepinda.

Mama mkwe alinishika bega. Nikatazama kitandani. Blanketi lilikuwa likicheza upande wa kulia, kwenye mguu ule ambao ugonjwa haukuugusa lakini mzee hakuwahi kuutikisa tangu aanguke. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Alikuwa anakanyaga pamoja nami.

Kwa hofu nikapunguza mwendo. Naye akapunguza.

"Usisimame," mama mkwe akanong'ona. "Nakuomba, mwanangu, usisimame."

Kitambaa kikaisha, uzi ukakatika. Niliendelea kukanyaga.