Swala Chini ya Boriti

Miaka ile mji mpya wa Lusail ulipokuwa ukijengwa, nilikuwa mlinzi wa nyumba ya shamba iliyofanywa makumbusho, kaskazini ya Doha. Ukoo mmoja uliijenga kwa mawe na boriti za mikoko, ukachimba kisima na kupanda mitende wakati upande ule haukuwa na mtu. Malori ya kokoto yakipita, nyumba nzima ilitetemeka.

Dari ya chumba cha kuhifadhia tende ilikuwa imepasuka. Mafundi waliitegemeza kwa nguzo za chuma, wakafunga kamba mlangoni: asiingie mtu, asiguse kitu.

Adhuhuri moja alikuja bibi mkongwe wa Kiqatari. Aliniambia kwa Kiarabu kwamba alizaliwa humo, na mama yake aliswali katika chumba kile kwa sababu ya ubaridi wa sakafu. Alitaka kuswali hapo kabla hajafa. Nilimsihi asubiri mafundi wamalize.

"Mimi na dari hii," alisema, "sijui nani atamsubiri mwenzake."

Nilikwenda kumpokea mgeni mwingine. Kurudi, bibi amekwisha kupita chini ya kamba na kufunga swala, bega lake karibu kugusa nguzo.

Msimamizi wangu, binti wa Kikenya, alikuja mbio. "Mama! Toka huko!" alimwita kwa Kiarabu. Bibi hakutikisika. "Mzee, huyu hasikii?"

"Anasikia. Yumo kwenye swala."

"Basi naingia nimtoe."

"Usimguse! Akishtuka ataigonga nguzo, dari imwangukie."

Lori lilipita. Vumbi likamwagikia mabega yake. Sheria ya dini inaruhusu kukata swala ili kuokoa roho, lakini macho yake yalikuwa chini, hatari angeijuaje? Nikakumbuka mafunzo ya chuo cha Kurani, Pemba: imamu akikosea, aliye nyuma humtanabahisha.

"Subhanallah!" nikapaza sauti. "Subhanallah!"

Akatazama juu. Akatoa salamu ya kukata swala akiwa wima, akarudi kinyumenyume hadi nje.

"Mimi nimemwita mpaka koo limekauka," msimamizi alinong'ona, "na wewe neno moja tu?"

"Si neno langu, mwanangu."

Bibi alikuwa akilia. Nikatandika msala wangu nje ya mlango, kuelekea kibla. Aliposujudu, paji la uso wake liligusa kizingiti. Lori jingine likapita, na ndani bonge la chokaa likaanguka pale alipokuwa amesimama.

Hakuinua kichwa.

"Mzee, tumwambie?"

"Mwache amalize," nilisema. Alhamdulillahi.