Sauti Mbili za Mnada

Dalali yule, waliyempachika jina la Kengele, hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Akipanda juu ya meza uwanjani na kunadi kabati, hata aliye ng'ambo ya barabara hugeuka. Naye alijua! Alijivunia koo lake, na ilikuwa haki yake, maana ndilo lililosomesha watoto.

Ikaja presha, ikaja na dawa yake, na wiki chache baadaye kikohozi kikavu cha kukera. Siku moja alikuwa anafunga bei ya jokofu, kikohozi kikamkaba asiweze kutamka kitu, wanunuzi wakahamia kwa dalali mwingine. Alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

“Achana na hivyo vidonge,” mumewe akasema. “Vitakumaliza.”

Kengele alimtazama mdogo wake kwenye kiti cha dirishani. Zamani walinadi pamoja, huyu akidaka bei, yule akiipandisha. Mdogo alipoanzishiwa dawa ileile alikohoa vilevile, akazitupa ili aokoe sauti. Jamani! Presha ilipanda kimyakimya, kiharusi kikampiga, upande mmoja ukalegea na ulimi ukawa mzito. Tangu hapo kila neno alilitafuta kwa shida.

Basi Kengele akameza kidonge chake huku akikohoa, akashika njia ya kliniki.

“Daktari, nipe uhai, lakini koo usininyang'anye. Vyote viwili navitaka.”

Daktari akacheka. “Mama, mwilini kuna kimeng'enya, tuseme mfanyakazi, mwenye kazi mbili. Anatengeneza kitu kinachobana mishipa, ndipo presha inapanda. Pia anaondoa vitu vinavyowasha koo. Dawa yako inamzuia kazi zote mbili.”

“Kumbe tumemfungia hata mfagizi wa koo!”

“Hasa. Hii nyingine ninayokuandikia haimgusi. Kile kitu cha kubana mishipa kitatengenezwa, lakini kikifika kwenye mshipa kinakuta mlango umefungwa, hakibani. Ila usiache kumeza, na urudi tukupime.”

“Na mdogo wangu angekuja kuuliza?”

“Tungembadilishia, mama.”

Kengele akalia palepale, bila haya.

Kikohozi hakikuondoka siku hiyo hiyo. Kilififia polepole mpaka kikatoweka, na presha ikatulia. Siku aliyorudi uwanjani alimleta mdogo wake kwa kiti cha magurudumu, akamweka mbele kabisa. Wee, alinadi! Bei ya kabati ikapanda mpaka watu wakashikana mikono kwa mshangao.

“Mara ya kwanza! Mara ya pili!”

Hapo akashuka mezani, akampa mdogo wake nyundo ya kufungia mnada. Mdogo wake alikunja uso, midomo ikahangaika, na uwanja mzima ukamngoja.

“Li… me… uzwa!” Nyundo ikagonga.

“Mmemsikia dalali!” Kengele akanguruma, machozi yakimtiririka. “Kabati ni la mama mwenye kofia. Sasa leteni kitanda kinadiwe, huyu hajamaliza kazi!”