Bomba Lililofunguka Lenyewe

Zaid aliniita mwizi wa maji mbele ya laini nzima ya wanawake waliosubiri maji, Jumanne asubuhi, funguo za kibanda cha maji zikiwa shingoni mwangu. Alisema kila siku mitungi mitatu hutoka bila kadi kuguswa, na anayeshika funguo ni mtu mmoja. Kisha akaongeza, "Mama, na umri wako huu, huoni haya?"

Nilikuwa nimekilinda kibanda hicho cha Majengo miaka sita. Shule sikuipata, herufi nilizijua ukubwani, katika darasa la akina mama nyuma ya msikiti. Kabla ya hapo nilikaanga mahamri alfajiri, nikayatembeza hadi soko la Gikomba, na hakuna aliyewahi kusema nimempunguzia chenji. Zaid ndiye aliyeletea kamati mashine ya kuuza maji kwa kadi. Alisoma chuo, akaandika mwenyewe maagizo yanayoiendesha. Unagusa kadi, bomba linafunguka, mtungi ukijaa linajifunga.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Idarusi, alinipa hadi Ijumaa. Nioneshe maji yanakokwenda, ama nirudishe funguo na jina langu lipelekwe kwa chifu kama mwizi.

Nusu ya jibu nilikuwa nayo. Kwetu stima hupotea mara nne, mara tano kwa siku. Ikipotea, wanawake hawaondoki. Aliye mbele husukuma mtungi wake chini ya bomba akangoja, kwa sababu stima ikirudi, bomba humwaga lenyewe kwa muda kabla ya kujifunga. Waliyaita maji hayo sadaka ya stima. Nami niliyaona nikanyamaza, nikidhani ndivyo mashine ilivyoamriwa. Hilo ni kosa langu, silikatai.

Jirani yangu Apondi alikuwa hodari wa kuiwahi sadaka. Nilimwomba aje aseme mbele ya kamati.

"Dadangu," akasema, "nikisema nilikunywa, si wataniambia niyatapike?"

Nikaenda Ziwani kwa Owino, fundi wa redio. Alikuja Alhamisi mchana, akafungua kifuniko cha mashine, akanionesha kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wangu.

"Mama Khawla," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "hii ni kompyuta nzima. Akili, kumbukumbu, saa yake na hii miguu ya kutolea amri, yote iko humu."

"Sasa mbona inasahau bomba?"

"Haisahau. Kila ikiamka haijui kitu, mpaka iambiwe moja baada ya lingine. Huu mguu ndio wa bomba. Kabla haujaambiwa kazi yake, unaning'inia tu. Stima kidogo ikipita karibu, unayumba, bomba linafunguka." Akazima, akangoja, akawasha. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. "Hapo inatafuta mtandao." Maji yalikuwa yanamwagika. Baada ya muda taa nyekundu ikawaka, maji yakakatika. "Hapo ndipo mguu wa bomba umeambiwa. Huyu kijana wenu ametanguliza mtandao, bomba akaliweka mwisho. Ni kama mwenye duka kuacha mlango wazi akaenda kutafuta kufuli."

Nikamfanya arudie mara tatu. Nikahesabu kwa vidole: kuamka, mtandao, bomba. Ilitakiwa iwe kuamka, bomba, mtandao.

Ijumaa baada ya sala kamati ikasimama kibandani, na laini yote ikageuka kutazama. Nikamwambia Mzee Idarusi kwamba nitazima na kuwasha, na bomba litafunguka bila kadi. Zaid akacheka.

"Bi Hikma, umeanza uinjinia lini?"

Nikazima, nikawasha papo hapo. Bomba likabaki kavu. Hata tone.

"Basi," Zaid akasema. "Lete funguo, mama."

Mzee Idarusi akanyoosha mkono. Nikashika funguo. Owino, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema polepole, "Hukungoja taa zife. Mashine bado ilikuwa na stima tumboni. Haikulala, ikawa haina haja ya kuamka."

"Mara moja tu, mzee," nikasema.

Nikazima tena. Taa zilififia moja moja. Nikahesabu hadi thelathini, watu wakiguna, Zaid akitazama simu yake. Nikawasha. Kijani ikapepesa, na maji yakatoka. Yaligonga sakafu, yakatafuta viatu vya wanakamati. Nilihesabu kwa sauti hadi arobaini na moja ndipo nyekundu ikawaka na bomba likajifunga.

"Ni vali mbovu," Zaid akasema.

Owino alizima, akauunganisha mguu ule na waya wa ardhini kwa kipande kidogo kama punje ya mchele ili usiyumbe tena, taa zikafa, akawasha. Kijani ilipepesa mpaka mwisho. Hakikudondoka kitu.

Apondi akasema kutoka kwenye laini, "Yaani sadaka imekwisha hivyo?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Zaid, nikingoja aniombe radhi.

Alitia simu yake mfukoni akaondoka. Jumatatu alirudi na kompyuta yake, akalihamisha bomba likatangulia mtandao. Kamati ikatangaza kwamba mtaalamu amegundua hitilafu na kuirekebisha. Jina langu halikutajwa, si kwa wizi wala kwa kutakaswa. Funguo wakampa mwingine, eti maneno yapoe kwanza. Yamepoa miezi minane.

Kwetu, aliyekuvunjia heshima mbele za watu hukuomba radhi mbele ya watu walewale. Zaid alinitumia ujumbe wa simu: pole kwa yaliyotokea. Nimeufuta. Ninamdai aje Jumanne asubuhi, laini ikiwa imejaa, aseme kwa mdomo wake kwamba kosa lilikuwa katika maagizo aliyoandika yeye, na kwamba Hikma hakuiba. Na Mzee Idarusi ninamdai funguo zangu, anirudishie kwa mkono uleule alioninyooshea.