Friji ya Kukaushia Samaki

Juzi niliona friji kuukuu imetupwa nyuma ya soko la Isiolo, nikamkumbuka baba. Nilipokuwa mdogo, moshi wa kuni wa kukaushia samaki ulikuwa umemharibu mama kifua, ndipo baba akafunga koili ya umeme ndani ya friji mbovu na kuweka mkebe wa unga wa mbao juu ya koili, uungue polepole na moshi ubaki humo ndani.

"Mama yako hatapuliza moto tena," aliniambia.

Alasiri hiyo harufu ya samaki ilijaa uani. Nilimpelekea mama kipande kitandani. Alitafuna polepole, akikohoa.

"Kimeiva vizuri. Mwambie baba akufundishe wewe hiyo kazi, si mimi."

Nilidhani nimepandishwa cheo. Nilikimbia nikampa baba ujumbe ule kwa furaha. Alichomoa waya, akaketi chini, akatazama dirisha la chumba cha mama.