Nilibadilisha alama kwenye mayai ya jirani

Admin, nifichie jina, maana mtaa wetu wa Makomeno ni mdogo na mimi ni mtu wa kanisa. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wanne. Mume wangu ni mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Vita vilipofunga barabara za kule, biashara yake ilikufa, na ndugu zake watano waliokimbia wakafikia kwetu. Tuliwapokea kwa kuwachinjia jogoo, ndiyo heshima ya mgeni. Jogoo tuliyekuwa naye ni huyo huyo mmoja.

Nina mashine ndogo ya kutotolesha mayai, nayo ndiyo ilikuwa imebaki kutulisha. Majirani huniletea mayai yao, na katika kila vifaranga vinne kimoja ni changu. Mwezi uliopita Mama Béa, ambaye mume wake ni mfanyakazi wa reli na hajaona mshahara siku nyingi, aliniletea mayai ishirini. Kila yai alilichora msalaba kwa penseli. Mimi nikaweka ishirini yangu bila alama. Siku tatu baadaye wezi walibeba kuku wake wote. Mayai yale ndiyo yalikuwa kila kitu alichobaki nacho, na mimi nilijua.

Siku ya saba niliyapima kwa tochi ya simu. Ya Mama Béa yalikuwa na mishipa, yanaishi. Yangu yote yalikuwa meupe kama maji. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba jogoo tulishamla! Mwanamke mzima, mfugaji, nimetagisha kuku bila jogoo. Niliona aibu hata kumwambia mume wangu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta misalaba ya Mama Béa, nikaichora kwenye mayai yangu.

Umeme ukawa unakatika kila siku, nikawa nazungushia mashine chupa za maji ya moto. Siku ya ishirini na moja vikatoka vifaranga kumi na sita. Nikamwita Mama Béa, nikamwonyesha mayai ishirini yenye msalaba, yamekufa. Hakunilaumu. Nilianza kulia, naye akanishika bega.

"Mama, hapana kulia. Mwaka huu kila kitu inaharibika, si mayai yangu tu. Weye ulichunga muzuri, courant ya kukatika-katika njo iliua."

Alitaka kuona vyangu. Nikamwambia bado ni vibichi, visipigwe na baridi.

Alipoondoka, mume wangu alifunua kikapu nilichowekea vifaranga, akanitazama. "Mama wa batoto, hizi shingo zimetoka wapi?"

Nilikuwa sijaangalia vizuri. Vifaranga tisa vina shingo tupu, bila manyoya. Mtaa mzima hakuna aliyefuga kuku wa shingo tupu isipokuwa Mama Béa. Niliwaza misalaba, shingo sikuiwaza hata kidogo. Mume wangu alikifunika tena kikapu, na tangu siku ile hagusi yai nyumbani. Vifaranga viko chumbani kwetu, vinalia kutwa nzima.

Ningeweza kuviuza haraka huko mjini na kunyamaza. Nimejaribu, nimefika mpaka mlangoni na kikapu, nikarudi. Kumwambia ukweli pia naogopa, kwa sababu nyumba hii ina watu kumi na mmoja na nikivirudisha hatuna kitu kingine.

Jana Mama Béa amekuja, amefurahi kabisa. "Niliambia bamama ba kanisa vile ulilia juu yangu. Banasema muntu wa roho kama ile iko mumoja tu. Samedi batakuya bote kwako, tukuombee."

Leo ni Alhamisi. Nimekosa hata uso wa kumwangalia, na wanakuja kuniombea ndani ya nyumba yenye vifaranga vyake. Mama zangu, dada zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini kabla ya Jumamosi? Nitukaneni kwanza, mimi nimestahili, lakini baada ya hapo mnishauri.