Kikao cha Bunduki ya Roselyn

Roselyn amepiga shabaha katika klabu yake kwa miaka minne, na katika mita mia sita ni nadra akose. Alipomwambia mumewe, Onyango, kwamba sasa anataka bunduki yake mwenyewe, Onyango aliita kikao, kama Wakenya wanavyoitia kikao harusi na matanga. Jumamosi wanaume sita wakajaa sebuleni kwao huko ughaibuni, mtaani Husby, wakinywa chai ya Roselyn.

"Mama Bridget, chukua ya risasi nene," alisema Kipchumba, mwenyekiti. "Kitu kizito ndicho hufika mbali."

"Hiyo nene itanipiga teke begani mpaka nianze kuogopa kufyatua," Roselyn alijibu, amefura kwa hasira. "Nataka ya milimita sita na nusu. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, upepo hauisukumi ovyo. Nani hapa amewahi kushika bunduki?"

Kipchumba akasema, "Basi tupige kura."

Roselyn akaliondoa birika mezani. "Kikao kama hiki ndicho kilichonichagulia mume," alisema. "Bunduki nitajichagulia."