Viatu Mlangoni mwa Kasri

Wiki iliyopita, nikienda kwenye usaili wa kazi katikati ya Sydney, nilimwona mtoto ameketi kwenye ngazi za kasri moja la kale lenye maduka, akitoa kijiwe kiatuni. Nilisimama pale hadi nikakaribia kuchelewa.

Mara ya kwanza kufika hapo nilikuwa na miaka sita, tumetoka Mombasa karibuni. Mama alinipandisha treni kutoka Guildford, kitongoji tulikoishi, tukatembee mjini. Nilipoona makuba ya kijani, matao ya mawe na vioo vya rangi, moyo ulinitulia: msikiti, hatimaye. Nikakimbia mbele, nikavua viatu, nikavipanga mlangoni. Vigae vya maua vilikuwa baridi nyayoni. Kulinukia kahawa na ngozi mpya.

"Assalamu alaikum!" niliwaambia watu.

Hakuna aliyegeuka. Nikarudia kwa sauti. Bibi mmoja aliuvuta mkoba wake karibu.

Leo najua, maana nimesomea majengo, kwamba kasri lile lilijengwa liwe soko, na matao yake yaliigwa kwa Warumi wa kale. Siku ile nilidhani nimesalimu vibaya. Nikaanza kulia.

"Waalaikumu salaam!" Mama aliitikia nyuma yangu, sauti ikajaa ukumbi mzima. Alikuwa ameshika viatu vyangu. "Haya, vaa, mwanangu. Hapa ni madukani."

"Mbona wao hawaitikii?"

"Si nimekuitikia mimi? Au sauti yangu haikutoshi?"

Mama amesharudi Mombasa. Wiki iliyopita, mbele ya mlango ule, niliitoa ile salamu polepole, kisha nikageuka kutazama nyuma.